Gemu Nzuri ni Ipi, Yenye Maneno au Yenye Kete?

Naandika kutoka Edmonton. Kabla hamjaniuliza habari za baridi: ndiyo, ipo, na leo sitaizungumzia. Nataka kuzungumzia magemu. Najua kuna watakaosema huyu mtu mzima na ndevu zake anatuletea michezo ya watoto. Subirini kwanza. Huku ninakobeba maboksi usiku, ubishi mkali kuliko wote niliousikia si wa siasa wala wa dini, ni wa magemu. Ukitega sikio vizuri unagundua wanabishania jambo lile lile ambalo sisi tungebishania kijiweni kuhusu riwaya au filamu: hadithi nzuri ni ipi, na nani ana haki ya kuiharibu.

Nazungumzia aina moja tu, zile ziitwazo RPG. Kwa Kiswahili changu naziita gemu za kuvaa uhusika. Zilianza bila kompyuta kabisa. Mwaka 1974 kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Watu wanazunguka meza, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu na uhusika wake: huyu mpiganaji, yule mchawi, mwingine mwizi. Unamwambia msimulizi unachotaka kufanya, kisha kete zinaamua kama umefaulu. Mnaona? Kuna hadithi na kuna kete. Ugomvi wote wa miaka hamsini iliyofuata umetoka hapo hapo mezani.

Kompyuta zilipoingia, kete zilikuwa kazi rahisi, maana mashine inajua kuhesabu. Wizardry ya mwaka 1981 ilikuwa karibu yote hesabu: unashuka shimoni na watu wako sita, unapiga majoka, unaongeza nguvu, unashuka tena. Hadithi ilikuwa kisingizio tu. Aliyejaribu kugeuza mambo ni Richard Garriott wa Texas. Alipoanza kusoma barua za wachezaji wake alikuta watu wanajisifu jinsi walivyoua kila mtu mjini, wenye maduka wakiwemo. Mwaka 1985 akatoa Ultima IV, gemu isiyo na adui mkuu wa kuuawa mwishoni. Kazi yako ni kuwa mtu mwema, kwa maadili manane: ukweli, huruma, ushujaa na mengineyo. Kuna muuza dawa za miti kipofu, unanunua kisha unahesabu pesa mwenyewe. Unaweza kumpunja, naye haoni. Lakini gemu imeona, na siku moja itakukumbusha. Mimi hapo ndipo ninapoweka mwanzo wa uandishi wa kweli katika gemu hizi, ingawa hakuna sentensi hata moja ya kupendeza ndani yake. Muuza dawa yule ni kanuni ya mchezo na ni hadithi kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye gemu inayogombanisha watu mpaka leo, Fallout, iliyotolewa na Interplay mwaka 1997 chini ya Tim Cain. Dunia imeteketea kwa mabomu ya nyuklia, wewe umezaliwa katika handaki, mashine ya kusafishia maji imeharibika, na una siku 150 za kutafuta kifaa kingine. Kijiji cha kwanza unachokutana nacho kinaitwa Shady Sands. Pale kuna mkulima, na kama uliwekeza pointi kwenye sayansi, unaweza kumweleza habari ya kubadilisha mazao shambani ili udongo usichoke. Jamani, mimi nimekulia Njombe. Bibi yangu angekuambia jambo hilo hilo kuhusu mahindi na maharage, bila pointi yoyote. Lakini angalieni aliyebuni hapo alikuwa anafikiri nini: watu hawa wanakula, kwa hiyo lazima walime, na wakilima watapata matatizo ya wakulima.

Na kuna yule adui mkuu, anayeitwa Master. Anataka kuwageuza binadamu wote wawe viumbe wapya wenye nguvu, akiamini ndiyo njia pekee ya kumaliza vita. Unaweza kumpiga risasi, au kumlipua na jengo lake. Lakini pia unaweza kumtafutia ushahidi kwamba viumbe wake hawazai, ukamwekea mbele yake, ukazungumza naye kwa hoja mpaka akatambua kwamba kila unyama alioufanya ulikuwa bure. Anajiua mwenyewe. Kwa upande mwingine, ukimtengeneza mhusika wako akiwa na akili ndogo kabisa, gemu nzima anaguna tu, na watu wanazungumza naye kama unavyotarajia.

Miaka miwili baadaye, 1999, watu wa nyumba ile ile, tawi lililoitwa Black Isle, wakatoa Planescape: Torment, mbunifu mkuu akiwa Chris Avellone. Hii ndiyo inayowagawa watu kabisa. Inakadiriwa ina maneno karibu laki nane. Unaamka chumba cha maiti, hujui jina lako, na huwezi kufa. Kila ukifa unaamka tena. Unagundua kwamba katika maisha yako yaliyopita, ambayo huyakumbuki, uliwatendea watu maovu makubwa, nao wanakukumbuka vizuri sana. Hekima inakusaidia kuliko misuli.

Wapinzani wanasema: hicho ni kitabu, mbona mnakiita gemu? Mapigano yake ni ya hovyo, na hapo siwezi kuwabishia, ni ya hovyo kweli. Isitoshe iliuza kidogo ukiilinganisha na Baldur's Gate iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, kazi ya BioWare, kampuni ya madaktari hapa hapa Edmonton. Madaktari wa hospitali kabisa, si utani. Lakini wanaosema Torment ni kitabu wanasahau kitu kimoja. Katika gemu nyingine ukifa unarudi nyuma, unajaribu tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Wabunifu wa Torment walichukua desturi hiyo ya kila gemu wakaifanya iwe laana ya mhusika. Kitabu hakiwezi kukupa hilo, maana katika kitabu wewe hufi.

Desemba 2003 Interplay, ikiwa imelemewa na madeni, ikafunga Black Isle. Fallout ya tatu iliyokuwa inatengenezwa ikafia njiani. Haki zikaenda kwa Bethesda, nao wakatoa Fallout 3 yao mwaka 2008. Iliuza vizuri mno, magazeti yakaisifu, na mashabiki wa zamani wakawaka moto. Wengine walikasirika kwa sababu tu mambo yamebadilika, hao tuwaache. Lakini wengine walikuwa na hoja. Mwisho wa gemu hiyo unatakiwa kuingia chumba chenye mionzi ya kuua ili kuwasha mtambo wa maji. Ubavuni unaweza kuwa na rafiki anayeitwa Fawkes, ambaye mionzi haimdhuru. Mapema alikwishaingia mahali penye mionzi akakuletea kifaa! Sasa unamwomba aingie tena, anakataa, eti hii ni hatima yako. Yaani ufe tu ili hadithi ipate mwisho wa kuliza watu. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2009 Bethesda wakatoa nyongeza iliyokuwezesha kumtuma Fawkes. Na lile swali lingine halijafa: miaka mia mbili baada ya vita, mji umejengwa kuzunguka bomu ambalo halijalipuka, mashamba yako wapi? Hawa watu wanakula nini?

Jamaa mmoja wa zamu yangu, Mfilipino, anasema maswali hayo ni ya watu wasio na raha. Yeye anapenda kuzurura, kupanda kilima, kukuta nyumba iliyoungua na mifupa miwili kitandani iliyoshikana mikono, hakuna neno lililoandikwa, na ukaelewa kila kitu. Anasema huo nao ni uandishi. Sijapata jibu la kumnyamazisha, na nadhani nusu ya hoja yake ni kweli.

Kilichofuata kinauma. Baadhi ya waliotoka Black Isle walikuwa wameanzisha Obsidian, wakapewa kutengeneza Fallout: New Vegas kwa miezi kama 18 tu. Ikatoka 2010 ikiwa na hitilafu chungu nzima, ila ina maji, mashamba, kodi, na makundi yanayopigania bwawa la umeme kwa sababu zinazoeleweka. Baadaye Avellone alieleza hadharani kwamba wangepata bonasi kama wastani wa alama za wahakiki ungefika 85. Walipata 84. Alama moja. Leo mashabiki wengi wanaiweka juu ya Fallout 3, lakini sifa za leo hazikulipa mshahara wa mtu wakati ule.

Je, shabiki ana haki ya kudai hadithi ibadilishwe? Hili lilitokea mji wangu huu. Machi 2012 BioWare walitoa Mass Effect 3, mwisho wa hadithi ya gemu tatu ambamo maamuzi yako ya miaka mitano yalikuwa yanahifadhiwa. Ukafika mwisho, ukakuta chaguo tatu zinazotofautiana hasa kwa rangi ya mwanga: nyekundu, bluu, kijani. Mashabiki wakachanga pesa, wakatuma ofisini keki ndogo 400 za rangi hizo tatu, zote ladha moja. Hapo nilicheka mpaka basi, huo ni uhakiki wa fasihi kwa unga na sukari. Keki zikapelekwa kwa vijana wasio na pa kulala, na Juni mwaka huo kampuni ikatoa bure mwisho uliorefushwa. Wengine wanasema mwandishi hakupaswa kusalimu amri. Mimi nasema ukimwambia mtu kwa miaka mitano kwamba uamuzi wake una uzito, umemuahidi kitu.

Nimalizie na Waestonia. Nchi yao ina watu kama milioni 1.3, Dar es Salaam peke yake inawameza. Robert Kurvitz alitunga dunia yake akicheza mezani na marafiki, akaiandikia riwaya kwa lugha yao mwaka 2013, wakanunua wachache. Wakahamia kwenye gemu. Mwaka 2019 wakatoa Disco Elysium, ambayo haina mfumo wa mapigano kabisa. Wewe ni askari mlevi aliyesahau hata jina lake, na uwezo wako 24 wa akili na mwili unakusemesha kichwani, mwingine ukikushauri upumbavu. Kete zipo, zinarushwa kwenye mazungumzo. Ilizoa tuzo nne kwenye The Game Awards mwaka huo, na wale waliosema maneno mengi hayauzi wakanyamaza kidogo. Mwaka 2023 Wabelgiji wa Larian wakafufua Baldur's Gate, ya tatu, ikawa gemu ya mwaka, na ubishi ukaanza upya: wa zamani wakilalamika kwamba mapigano sasa ni ya zamu kwa zamu, wapya wakishangaa wazee hawa wanataka nini tena.

Lakini Waestonia hao waliiandika gemu yao kwa Kiingereza, na hilo ndilo ninaloliwaza nikiwa kwenye basi. Sisi tuna wasemaji makumi ya milioni, tuna bibi anayejua udongo unachoka lini, na muuza dawa za miti tunaye kila soko. Kama kuna msomaji huko nyumbani anayetengeneza gemu ya namna hii kwa Kiswahili, hata kama bado iko kwenye daftari, aniandikie, niko tayari kuijaribu bure. Zamu inaanza saa nne usiku na basi halinisubiri. Tuonane wiki ijayo.