Jua Kali Isiyofika Lafey

Ukitaka kukuza karakana ya injini ndogo Lafey, huko Mandera, kazi ipo: bodaboda, pampu, jenereta za visima. Kinachokwamisha fundi ni spea, zinazotoka mamia ya kilomita. Watu husema ni umbali tu. Mimi nasema ni historia.

Desemba 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Mwaka 1965, Waraka wa Kikao Nambari 10 ukataka pesa za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri na mvua. Hesabu hiyo ilimwacha nje mfugaji wa Lafey. Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, jua kali ikaanza kuheshimiwa Nairobi. Lafey, penye jua kali kweli kweli, bado ilikuwa chini ya hali ya hatari. Iliondolewa 1991.

Kwa hivyo ule ushauri wa mjini, eti usifungie pesa kwenye stoki, huku haufai. Weka filta, ringi za pistoni na mikanda mapema. Jenereta ya kisima ikizima kiangazi, ngamia hawangojei basi la Nairobi.