Kunakili fanksheni: Pima kabla ya kuamuru kompaila

MKAZI wa Kakuma anayehitaji huduma inayopatikana Lodwar pekee, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, husafiri takriban kilomita 120 kwenda, kisha hurudi. Huduma hiyo ikiletwa Kakuma, safari hukoma; lakini kuifungulia ofisi katika kila kituo kungegharimu mno.

Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya lugha kama C kuwa amri za mashine, hukabiliwa na uamuzi kama huo. Fanksheni ni kipande cha programu kinachofanya kazi moja. Kila inapoitwa, prosesa huruka hadi ilipo, kisha hurejea. Kompaila yaweza kuepusha safari hiyo kwa kuinakili pale pale inapoitwa.

Fanksheni fupi inayoitwa mara nyingi hufaa kunakiliwa. Iliyo ndefu ikinakiliwa kotekote, programu huvimba, hujaza kumbukumbu ya simu ya bei nafuu, na huenda isitoshe katika hifadhi ndogo ya kasi iliyomo ndani ya prosesa. Hapo hupungua mwendo badala ya kuharakishwa.

Neno inline, lililoingizwa katika kanuni za C mwaka 1999, ni ombi tu. Kompaila yaweza kulipuuza. Katika GCC, alama noinline huzuia kunakili, nayo always_inline hukuagiza. Lugha ya Go hutumia //go:noinline, na Rust #[inline(never)].

Hivyo basi, anayejifunza kuandika programu, awe Lodwar au kambini Kakuma, apime kwanza kasi na ukubwa wa programu yake, ndipo aamuru.