Toto wa Mbwa

Jumamosi asubuhi kwenye ploti yetu Gatina, mathe anaogesha umbwa. Karai ni lile lile la kufulia nguo. Maji ni nusu mtungi wa lita 20, yamepashwa moto kidogo kwenye jiko la makaa. Kijibwa chenyewe ni cheupe, manyoya tele kama pamba iliyochambuliwa, na kikilowa unashtuka kuona mwili wake ulivyo mdogo.

"Na hayo maji si ungepikia?" jirani anauliza akipita na ndoo tupu.

Mathe anacheka, lakini mikono yake haisimami.

Jirani ana haki ya kuuliza. Gatina maji tunanunua kwa mtungi, na mfereji ukikauka bei inapanda. Ila kuna swali lingine ambalo sijasikia mtu akiuliza: mathe alijifunzia wapi hii kazi?

Mtazame kwanza. Anaanza na kitana kabla ya tone la maji, kwa sababu manyoya yaliyofungana yakilowa hukazana, na fundo likishakazana dawa yake ni mkasi. Anachana kuanzia nchani akirudi kwenye ngozi, huku ameshika shina la manyoya ili yasimvute mnyama. Nyuma ya masikio na kwapani ndiko anakochukua muda. Sabuni ya kufulia haigusi, wala ya kuogea watu. Ngozi ya mbwa si sawa na yetu, na sabuni zetu huikausha ikaanza kuwasha. Masikio anayapangusa kwa kitambaa chenye unyevu, hamwagii maji ndani. Kisha inakuja kazi kubwa ya kukausha mpaka chini kabisa, maana unyevu ukijificha ndani ya manyoya ngozi huota vidonda. Kucha anakata ncha tu, kwani ndani yake mna mshipa wa damu.

Haya yote aliyajua Lavington. Kwa miaka 14 alitoka hapa alfajiri kwa miguu, akapika, akafua, akalea watoto wa wenyewe, akaogesha mbwa wa wenyewe. Wadosi walipohama nchi, walimwachia kijibwa.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko ploti zetu. Mwaka 1914, Karen Blixen alifika kutoka Denmark akaanza maisha ya shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, pale tunapopaita Karen leo. Alifuga mbwa warefu wa Scotland, aina iliyozalishwa zamani kuwindia kulungu, wenye manyoya magumu yaliyotimka. Kwenye ardhi ya shamba hilo waliishi Wakikuyu kwa masharti ya kumfanyia kazi. Mmoja wao alikuwa mtoto Kamante Gatura, aliyekuwa na vidonda vibaya miguuni hadi akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti. Aliporudi aliingia nyumba kubwa, na cheo chake cha kwanza kilikuwa toto wa mbwa.

Lisikilize hilo neno. Walowezi walichukua mtoto wakakata ile m-, kiambishi kinachotuweka sisi watu kwenye ngeli ya A-WA. Kikabaki cheo cha kazi: toto wa jikoni, toto wa mbwa. Baadaye Kamante akawa mpishi, na kitabu cha Blixen cha mwaka 1937 kikamfanya ajulikane duniani kwa upishi wake. Mwaka 1975 hadithi zake mwenyewe zilitoka kitabuni, zikiwa zimekusanywa na Peter Beard. Lakini jina lake likitajwa, watu hukumbuka sufuria. Mbwa wanakumbukwa kama mbwa wa Blixen.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza: mwanamume Mwafrika alitembea na karatasi ndani ya kikebe cha chuma, mara nyingi kikining'inia shingoni, imeandikwa mwajiri wake na mshahara wake. Kazi za nyumbani wakati huo zilikuwa za wanaume zaidi. Wanawake kama mathe waliingia kwa wingi baadaye. Karatasi ya namna hiyo ilikuambia mtu ni wa nani. Yote ambayo mikono yake inajua, hayo hukuyapata humo.

Mathe hakupewa hata karatasi. Kijibwa kilikuja na cheti cha chanjo, kimeandikwa jina na tarehe. Hilo sichezei: kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja nje kidogo ya Nairobi, na bado kinaua watu. Ila baada ya miaka 14, mbwa alitoka Lavington na barua, mathe akatoka bila.

Maji ya karai hayamwagwi. Anasugulia choo cha ploti, na jirani sasa ananyamaza.

Ndipo anatokea kijana wa ploti ya pili, amebeba kijibwa cha kahawia, manyoya yamefungana mpaka macho hayaonekani.

"Mathe, huyu unaweza kumwosha kwa pesa ngapi?"

Mathe anafuta mikono kwenye leso. Lavington bei yake ilipangwa na wengine. Anamwangalia mbwa, anapitisha vidole nyuma ya masikio, anahesabu mafundo. Halafu anataja bei, na hapunguzi.