Kipande cha ngozi kilichoikomboa fimbo ya pool

Kama umewahi kusimama kando ya meza ya pool mtaani, ile sauti unaijua. "Tak!" kavu, mpira mweupe unaenda kombo, watu wanaangua kicheko. Fimbo imeteleza. Huwa tunamlaumu mchezaji, lakini mara nyingi tatizo ni kipande cha ngozi chenye upana wa kifungo cha shati, kilichobandikwa kwenye ncha ya fimbo. Au kilichobanduka.

Nilianza kukifuatilia baada ya kijana anayesimamia meza jirani na ninapoishi kunilalamikia. Fimbo zake tatu kati ya nne zilibaki mbao tupu. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye meza, na wateja walishaanza kuhama. Ncha za dukani zinatoka nje na bei yake inamtoa jasho. "Kaka, wewe si msomi? Tafuta njia basi." Haya, mimi nikaanza na historia.

Zamani huko Ulaya, wachezaji wa biliadi hawakuwa wanagonga mpira kwa fimbo kama yetu. Walikuwa wanausukuma kwa kitu kama rungu lenye kichwa kipana. Shida ilikuja mpira ukiganda kwenye ukingo wa meza, maana kile kichwa hakikuingia vizuri. Basi wakawa wanageuza rungu na kugonga kwa mkia wake. Mkia kwa Kifaransa ni queue, na jina la fimbo likabaki hilohilo mpaka kwa Waingereza, wanaoiita cue.

Ila mkia ule ulikuwa mbao. Ukigonga mpira katikati kabisa, sawa. Ukisogea pembeni kidogo ili uuzungushe, unateleza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi tunaouona leo, mpira kurudi nyuma au kukata kona baada ya kugonga, ilikuwa ngumu mno kuifanya kwa uhakika.

Anayepewa sifa ya kubadili hali hiyo ni François Mingaud, kapteni wa jeshi la Ufaransa aliyefungwa kwa sababu za kisiasa. Husimuliwa kwamba gerezani kulikuwa na meza ya biliadi, naye akapata muda wa kutosha kujaribu ncha ya ngozi. Wengine wanaongeza chumvi kwamba muda wake ulipoisha aliomba aachwe kidogo amalizie mazoezi! Alipotoka, mwanzoni mwa karne ya 19, aliwashangaza watu wa Paris kwa mipira iliyorudi nyuma yenyewe. Mwaka 1827 alichapisha kitabu kuhusu mikwaju yake.

Miaka hiyohiyo ya 1820, kule Bath nchini Uingereza, Jack Carr alikuwa akiuza unga wa "maajabu" wa kuzungushia mpira. Ulikuwa chaki tu. Mwaka 1897 mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins wa Chicago walipata hataza ya chaki mpya, ambayo kiini chake ni silika na unga mgumu wa kusugulia. Yaani ile chaki ya bluu unayopaka leo ina undugu zaidi na msasa kuliko na chaki ya darasani.

Kwa nini ngozi? Ncha na mpira hugusana kwa kama sekunde moja ya elfu. Ndani ya muda huo ngozi inabonyea kidogo, na punje za chaki zilizojishika kwenye nyuzi zake zinaung'ang'ania mpira. Ngozi nzuri iliyopakwa chaki inakuruhusu kugonga mpaka karibu nusu ya njia kutoka katikati ya mpira kwenda ukingoni. Kwa mpira wa milimita 57, hiyo ni kama milimita 14. Ukizidisha hapo, hata bingwa anateleza.

Sasa turudi mtaani. Nilikwenda kwa fundi viatu mmoja mzee. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, kiatu kiko wapi?" Nikamweleza. Akaninyooshea mfuko wa vipande anavyotupa. Ngozi laini ya juu ya kiatu haikufaa: inatanuka na kutambaa pembeni kama uyoga. Iliyofaa ni ngozi ngumu ya soli, ya ng'ombe, soli halisi na siyo ya plastiki. Tulikata duara, tukalibana kwenye jiliwa usiku kucha ili lishikamane, tukasawazisha mbao kwa msasa, tukagundisha, kisha tukachonga juu mviringo kama ukingo wa sarafu.

Ncha ya kwanza ilibanduka siku ya pili. Kosa lilikuwa langu: sikukwangua gundi ya zamani, na gundi mpya haishiki juu ya uchafu. Nyingine mbili bado zipo, na kijana amejifunza kuzitengeneza mwenyewe. Hazifikii zile za dukani kwa kudumu, na lazima azikwaruze kwa msasa mara kwa mara ili zishike chaki.

Kwa hiyo ukienda kucheza jioni, kabla ya kumcheka mtu, iangalie kwanza ncha. Ikiwa inang'aa kama kigae, isugue, ipake chaki, ndipo ugonge. Na ukipita kwa fundi viatu, mwulize vile vipande anavyotupa anaviweka wapi.