Mvua, kiangazi na mabao: namna ya kusoma takwimu za soka Tabora

Mshambuliaji akifunga mfululizo Agosti kisha akakaukiwa Februari, mashabiki husema ameshuka kiwango. Huenda ni kweli. Lakini kwa wasikilizaji wetu wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, na Tabora kwa jumla, kuna jambo la kutazama kwanza: kalenda ya mvua.

Msimu wa ligi na msimu wa mvua

Ligi Kuu Tanzania Bara kwa kawaida huanza Agosti na kumalizika Mei au Juni. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Hivyo ligi huanza kwenye vumbi, hupita kwenye joto la Septemba na Oktoba, kisha huingia kwenye matope. Dar es Salaam hupata vuli Oktoba hadi Desemba na masika Machi hadi Mei. Timu ikisafiri Februari inaweza kuacha mvua Tabora na kukuta jua kali Pwani.

Kinachobadilika uwanjani

Kiangazi, ardhi ngumu huufanya mpira udunde juu na kukimbia, hivyo pasi ndefu humnufaisha mwenye kasi. Nyasi zikilowa kidogo, mpira huteleza na kumponyoka kipa. Maji yakituama, mpira hukwama na pasi fupi hupotea.

Hewa nayo ina nafasi yake. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Pwani, na mpira uliopigwa kwa nguvu hupata upinzani mdogo. Wapenzi wa besiboli Marekani wanalijua hili vizuri: katika uwanja wa Coors Field jijini Denver, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, mipira huruka mbali kiasi kwamba tangu 2002 huhifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu uliodhibitiwa.

Viporo na mechi chache

Mvua ikiahirisha mechi, timu hubaki na viporo. Ndiyo maana ni vizuri kugawa mabao kwa idadi ya mechi, au kwa dakika ambazo mchezaji amecheza, badala ya kutazama jumla pekee.

Mechi moja pia haithibitishi kitu. Tarehe 7 Novemba 2024, Tabora United iliifunga Yanga 3-1 jijini Dar es Salaam. Ni rahisi kutafuta sababu kwenye hali ya hewa, lakini mwelekeo huonekana kwenye mechi nyingi, si moja.

Kwa nini ni muhimu kwa vijana

Mashindano mengi ya vijijini huchezwa kiangazi, baada ya mavuno. Wakati wa mvua, vijana wengi wako kwenye mashamba ya mahindi na tumbaku, na mazoezi hupungua. Kijana anayechaguliwa kwa mabao ya Julai pekee amepimwa kwenye ardhi ngumu tu. Anayeachwa kwa ukame wa Januari huenda alishindwa na matope na uchovu wa jembe.

Tunashauri makocha waandike mambo manne kwenye daftari kila mechi: tarehe, saa, hali ya uwanja na dakika za kila mchezaji. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litamtetea kijana kuliko maneno ya jukwaani.