Namba Iliyoitwa Tasa

Mwalimu alipotuambia kwamba namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa tasa, nilimkumbuka shangazi. Naye aliitwa hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumpima mumewe.

Kuna namba iliyopewa jina hilo kimakosa. Zizidishe 2 sitini na saba, kisha toa 1, utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa, aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa. Miaka 232 baadaye, Édouard Lucas alithibitisha kwamba inagawanyika, ila hakuweza kusema inagawanyika kwa ngapi. Hapo huwa nasita kila mara: unajua watoto wapo, na hujamwona hata mmoja.

Oktoba 1903, New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake. Kwa masimulizi ya E. T. Bell, hakutamka neno. Aliikokotoa namba ile ubaoni, akahamia pembeni akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, ukumbi ukampigia makofi. Baadaye alimwambia Bell kwamba kazi ile ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Nami nikaizidisha, kwa kalamu, bila kikokotoo. Mara ya kwanza nilisahau kubeba 1 mahali fulani, nikachana karatasi. Mara ya pili, karibu saa sita usiku, tarakimu zote 21 zilikaa sawa. Shangazi hakuwepo tena nimwonyeshe.