Kujengewa Uwezo

Fungua gazeti lolote la Dar es Salaam, kurasa za habari za mikoani, na hutakosa kichwa cha aina hii: "Wahudumu wa afya wajengewa uwezo." Hakisemi wamejengewa na nani, wala uwezo wa kufanya nini. Picha iliyo chini yake ni ileile mwaka hadi mwaka: bango la kitambaa ukutani, chupa za maji mezani, mgeni rasmi katikati na washiriki wamejipanga nyuma yake. Msomaji haulizi zaidi. Ameshaelewa kwamba kulikuwa na semina.

Tuanze na sarufi. Kitenzi ni jenga. Ukikipachika -e- unampata anayetendewa: kumjengea mtu. Ukiongeza -w-, huyo anayetendewa anapanda na kuwa kiima cha sentensi: amejengewa. Hana haja ya kushika hata tofali moja. Yuko Muscat au Toronto, anatuma hela, na nyumba inapanda Mbagala. Ila huyo wa Muscat ndiye mwenye kiwanja, ndiye anayelipa, na fundi akizembea atamwondoa alete mwingine. Mganga mfawidhi wa zahanati aliyejengewa uwezo hakumchagua fundi, hakuiona ramani, na mara nyingi hajui bajeti ya ujenzi ilikuwa kiasi gani. Sarufi imempa nafasi ya kwanza katika sentensi, na ni hiyo tu aliyopewa.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Uwezo limetokana na -weza, neno la Kibantu kabisa, tofauti na majirani zake wengi katika msamiati wa misaada. Na katika mazungumzo ya kawaida lina maana zisizopungua tatu. Daktari huyu ana uwezo: anaijua kazi yake. Familia ile haina uwezo: haina fedha. Jambo hilo si katika uwezo wangu: sina mamlaka ya kuliamua, nenda kwa mkubwa wangu. Ujuzi, mali na mamlaka vimekaa katika neno moja, na hakuna mzungumzaji anayevichanganya. Serikali ya Kenya ilipoanzisha Hazina ya Uwezo kwa ajili ya vijana na wanawake, hakuna aliyedhani kwamba ni mfuko wa semina. Wote walijua ni mikopo.

Kiingereza kilichotuletea istilahi hii hakina bahati hiyo. Neno lao asili yake ni ujazo, kadiri chombo kinavyoweza kubeba, kama pipa au lori. Lilishika kasi katika lugha ya maendeleo miaka ya 1990, na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa likiwa miongoni mwa waliolisambaza. Baadaye wenyewe wakaona sitiari ya ujenzi ina kasoro, kwa sababu inadokeza kwamba kiwanja kilikuwa kitupu kabla fundi hajafika. Wakaacha kujenga, wakasema kukuza. Mwaka 2006 nchi wafadhili za OECD zilitoa fasili ambayo bado inatumika: uwezo ni ule wa watu, taasisi na jamii nzima kuendesha mambo yao kwa mafanikio. Ni fasili nzuri. Lakini sisi tulikuwa tumeshaweka matofali, na mpaka leo tunajengewa.

Kwa hiyo neno letu lilikuwa pana kuliko lao, kisha katika matumizi likasinyaa. Kati ya maana tatu imebaki moja, ujuzi, nayo imepunguzwa ikawa siku tatu hotelini.

Sababu si fumbo. Ruzuku ya afya huja na viashiria, na kiashiria kinataka namba. Waliohudhuria wanahesabika: kuna karatasi ya mahudhurio, kuna sahihi. Mamlaka hayana karatasi ya mahudhurio. Tena semina ina posho, na posho hutafuta semina. Shirika la misaada la Norway lilichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu posho za safari katika Tanzania, Malawi na Ethiopia, na walioishi katika ofisi za wilaya hawakukuta humo jipya la kuwashangaza. Simlaumu muuguzi anayekwenda. Mshahara wake unajulikana, na kikao cha siku tatu kinaweza kulipa ada ya mtoto. Nalalamikia neno linalotuwezesha kuita jambo hilo uwezo.

Mtu atauliza kama kuwezesha si bora. Kwa umbo, ndiyo: -esh- inamfanya mtu aweze, na mwenye kuweza anabaki yeye mwenyewe. Lakini nacho kimechakaa. Katika semina, mwezeshaji ni yule anayesimama mbele na kalamu nene. Mtaani, "niwezeshe" maana yake toa chochote. Mtaa angalau umeikumbuka mali.

Tuiache semina twende kwenye fedha zenyewe, maana huko ndiko uwezo unakopimwa kwa kweli. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulianzishwa mwaka 2002, makao yake Geneva. Hauna ofisi katika nchi unazozifadhili. Unasaini mkataba na mpokeaji mkuu, ambaye huwagawia wapokeaji wadogo, na kampuni ya ukaguzi iliyoajiriwa na Mfuko huchungulia vitabu kwa niaba yake. Tanzania Bara wapokeaji wakuu wamekuwa Wizara ya Fedha na Amref Health Africa. Juu yao kuna chombo cha kitaifa cha kuratibu, ambacho kifupi chake cha Kiingereza katika nchi nyingine ni CCM. Chetu kinaitwa TNCM, na nina dhana yangu kwa nini.

Mwezi Agosti 2005 Mfuko ulisimamisha ruzuku zake zote 5 nchini Uganda, zenye thamani ya hadi dola milioni 201, baada ya ukaguzi kuonyesha usimamizi mbovu katika kitengo cha mradi kilichowekwa ndani ya Wizara ya Afya. Dola milioni 45 hivi zilikuwa zimeshatolewa. Serikali ya Uganda iliunda tume chini ya Jaji James Ogoola, na Novemba mwaka huohuo zuio likaondolewa kwa masharti ya kupanga upya usimamizi. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya wizi, na wizi ulikuwepo. Mimi nakitazama kile kitengo. Wizara ilikuwa na wahasibu wake, leja zake na wakaguzi wake, lakini ruzuku ikajengewa chumba cha pembeni chenye watumishi wake na njia yake ya kulipa, ili mambo yaende haraka. Chumba kilipofungwa, wizara ilibaki na uwezo uleule iliokuwa nao kabla. Kampala haikuwa peke yake katika hili. Vitengo vya pembeni vilikuwa mtindo wa miradi duniani kote, kiasi kwamba Azimio la Paris kuhusu misaada, lililopitishwa mwaka huohuo wa 2005, liliweka kuvipunguza kuwa mojawapo ya malengo yake.

Upande wa mali nao una mafunzo yake. Neno ruzuku ni ndugu wa riziki: tunasema Mungu amemruzuku fulani mtoto. Mfadhili naye anatokana na fadhila, na mwenye kufadhiliwa hatarajiwi kuuliza maswali mengi. Basi shirika dogo la Mtwara au Kisumu linapopokea ruzuku huona aibu kudai kodi ya ofisi, umeme, mhasibu wa kudumu na ada ya mkaguzi. Hizo ndizo gharama za uendeshaji, na humo ndimo uwezo unamoishi, maana mhasibu anayelipwa na mradi huondoka na mradi. Kwa kanuni za serikali ya Marekani, shirika lisilo na kiwango lilichokubaliana nayo liliruhusiwa kujumlisha asilimia 10 tu juu ya gharama za moja kwa moja. Tangu Oktoba 2024 kiwango hicho ni 15. Vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, kwa tafiti zinazofanyika chuoni kwao, vina viwango vya makubaliano vinavyopita 50. Halafu tunaandika mradi wa kulijengea uwezo lile shirika la Mtwara.

Kuna mfano mmoja ambao hunipa moyo, nao haukuitwa kujenga uwezo. Zamani zahanati ya kijiji Tanzania haikuwa na fedha mkononi. Fungu lake katika Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili kadhaa, lilikaa kwenye akaunti ya halmashauri. Mganga mfawidhi akitaka kitasa cha mlango au sabuni, alipanda basi kwenda kuomba wilayani, akarudi na ahadi. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha hizo zikaanza kwenda moja kwa moja kituoni. Kila kituo kikawa na akaunti ya benki, mpango wake na bajeti yake. Kamati ya usimamizi, yenye wanakijiji ndani yake, inakaa, inajadili na kuandika muhtasari. Matumizi yanaingizwa kwenye mfumo wa hesabu uliotengenezwa kwa ajili ya vituo. Mwenye kuchukua masurufu anapaswa kuyarejesha kwa stakabadhi, na mkaguzi anafika mpaka kwake.

Sambamba na hilo kulikuwa na Jazia, mfumo ulioanzia mkoani Dodoma mwaka 2014 kwa msaada wa Uswisi na kuenea nchi nzima kuanzia 2018. Kituo kinaagiza dawa Bohari ya Dawa. Zikikosekana, kinanunua kwa muuzaji mmoja aliyeteuliwa kwa mkoa mzima, anayeitwa Mshitiri. (Katika kamusi za zamani mshitiri ni mnunuzi, naye huyu anauza. Istilahi nazo huvuka barabara.) Jazia maana yake ongezea, jaza palipopungua. Hilo ni jina ambalo bibi yeyote anayepanga foleni dirishani analielewa, na halikuhitaji semina kufafanuliwa.

Mafunzo yalikuwepo humo, tena mengi, maana mganga aliyesomea kutibu hakusomea leja. Lakini yalikuja baada ya ruhusa na fedha, au pamoja navyo. Mtu alifundishwa kuandaa hati ya malipo kwa sababu Jumatatu alikuwa na malipo ya kufanya. Makosa pia yapo, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huyataja. Nayahesabu kuwa dalili njema kwa kiasi fulani: zamani zahanati isingeweza kukosea hesabu, kwa kuwa haikuwa na hesabu.

Mwaka 2021 shirika la misaada la Marekani lilitangaza kwamba ndani ya miaka 4 robo ya fedha zake zingekwenda moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji. Mwaka uliofuata zilifika asilimia 10 hivi. Tarehe 20 Januari 2025 ikaja amri ya kusitisha misaada ya nje, na Julai mosi shirika lenyewe likafungwa. Washauri nasaha, wachukua takwimu na wahudumu wa ngazi ya jamii waliokuwa kwenye mikataba ya miradi walijikuta nyumbani, vyeti vyao vya mafunzo vikiwa kabatini. Ujuzi wao ulikuwa salama. Vilivyoondoka ni mali na mamlaka, ambavyo havikuwahi kuwa vyao.

Kwa hiyo nikiletewa mkataba wa ruzuku kutafsiri, sifungi sentensi baada ya uwezo. Naongeza -a ya uhusiano na kitenzi: uwezo wa kusaini hundi, uwezo wa kumwajiri na kumwachisha mhasibu, uwezo wa kuagiza dawa bila kupitia wilayani. Mara nyingine mwenye mkataba hunirudishia akisema nimeongeza maneno, kwenye asilia hayamo. Namjibu kwamba najua, nilitaka tu kuuliza lipi kati ya hayo alilokusudia. Mpaka sasa wengi wamechagua niyafute.